Kilemba cha Nguo na Kilemba cha Ukoka

Katika mwambao wetu, kijana aliyekaa kwa fundi miaka kadhaa akijifunza ushoni, uashi au useremala, hakuondoka siku ya kuhitimu bila ya kumpa fundi wake kilemba. Hapo kale kilemba hicho kilikuwa kitambaa hasa, cha kuzungushwa kichwani; baadaye kikawa fedha au zawadi ya namna nyingine, lakini jina lilibaki lile lile. Tumeianza insha yetu na desturi hii kwa sababu moja: kilemba cha fundi kilitoka kwa mtu aliyenufaika kikaenda kwa mtu aliyemnufaisha. Aliyekitoa aliijua kazi aliyokuwa akiishukuru, maana alikuwa ameibeba katika mikono yake mwenyewe. Haikuhitajiwa barua ya kueleza sababu.

Lakini watu wale wale waliobuni kilemba ndio waliobuni pia kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani tu, malisho ya mbuzi na ng'ombe. Na kumvika mtu kilemba cha ukoka ni kumsifu kwa sifa asizokuwa nazo, ama kwa kutaka kitu kwake, ama kwa kumfanyia mzaha asioutambua. Kwa mbali huonekana kilemba. Na mwenye kukivaa ndiye anayekisadiki kuliko watu wote, kwa kuwa kiko juu ya kichwa chake na macho yake hayakifikii.

Takriban kila taifa la leo lina nishani za kuwatunuku raia wake wasiokuwa askari: walimu, waganga, wakulima, wasanii, wachezaji, watumishi wa serikali. Twataka kuuliza swali ambalo wengi hulipita kwa haraka siku ya sherehe, ngoma zinapolia na majina yanaposomwa. Je, yafaa heshima ivaliwe? Na ikiwa yafaa, ikae wapi katika mwili wa mwananchi, iwe na umbo gani, na nani awezaye kuisoma? Maana nishani nayo ni maandishi.

Neno lenyewe laonyesha hivyo. Nishani tumelipata kutoka Kiajemi, na asili yake ni alama. Tuzo ni neno jingine kabisa. Hilo latokana na kutuza, kile wafanyacho watazamaji wa ngoma au taarabu wanapoinuka vitini, wakaingia uwanjani na kumbandikia mwimbaji noti usoni au kumrushia sarafu miguuni. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga, na aliyewahi kuhudhuria harusi za Tanga au Unguja anajua kwamba methali hiyo ni habari ya jambo linalotendeka mbele ya macho. Tuzo hutoka kwa umati. Nishani ni alama itokayo kwa mwenye mamlaka. Nishani njema, kwa maoni yetu, ni ile ambayo umati ukiiona kifuani mwa mtu ungesema kwamba wao wenyewe walikwisha kumtuza siku nyingi.

Wala tusidhani kwamba wazee wetu hawakujua kuvaa heshima. Katika Unyamwezi na nchi jirani zake watawala walivaa kisahani cheupe kilichokatwa katika gamba la konokono wa Bahari ya Hindi, kikiitwa kibangwa. Katika nchi ambazo leo ni Zambia na Kongo kisahani cha namna hiyo kiliitwa mpande. Hebu fikiri safari ya gamba lile: kutoka mchangani mwa pwani, kwa miguu, miezi mingi, hata kufika kifuani mwa mtu ambaye hajapata kuiona bahari. Uzuri wake ulitokana na umbali wake. Lakini mwaka 1854, msafiri David Livingstone alipofika kwa mtawala Shinte wa Walunda, aliandika kwamba kwa magamba mawili mtu angeweza kununua mtumwa, na kwa matano angepata pembe ya ndovu. Tunalitaja jambo hili bila ya furaha. Wako wenzetu katika fani hii ya utamaduni ambao kila kilichokuwa cha kale kwao ni safi. Sisi twaona kwamba gamba lililong'aa kifuani mwa mtawala lilikuwa na bei, na bei yake ilihesabiwa kwa watu. Kila alama ya heshima yapasa iulizwe swali hilo la Livingstone, hata ile iliyotengenezwa jana: imegharimu nini, na nani amelipa?

Huko Unguja, Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alikuwa na nishani yake iliyoitwa Al-Kawkab al-Durri, yaani nyota ing'aayo, jina ambalo kila msomaji wa Kurani hulitambua kutoka katika Sura ya Nuru. Ilitolewa hata kwa wageni wa Kizungu waliokuwa na shughuli na Sultani. Ikazimika pamoja na usultani wenyewe katika Mapinduzi ya Januari 1964. Watu wa ng'ambo na mashamba, waliochuma karafuu kwa vidole vyao, nyota ile iliwahusu kama zihusuvyo nyota za mbinguni.

Wakoloni walikuja na elimu nyingine ya mambo haya, tena waliipanga kwa uangalifu mkubwa. Machifu walitengenezewa medali yao peke yao, iliyoning'inizwa shingoni kwa mkufu, mbali na nishani walizovaa Waingereza. Kwa watumishi na raia mashuhuri kulikuwa na Nishani ya Dola ya Kiingereza, iliyoanzishwa na Mfalme George wa Tano mwaka 1917, yenye madaraja matano. Umbo lake ni msalaba. Utepe wake hapo mwanzo ulikuwa wa zambarau. Tangu mwaka 1937 ni wa rangi ya waridi wenye kingo za kijivu. Maandishi yake kwa lugha yetu yangekuwa: Kwa Mungu na Dola. Dola hiyo haipo tena, lakini nishani ipo na jina ni lile lile. Mwaka 2004 kamati ya Bunge lao ilipendekeza jina libadilishwe, na halikubadilishwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo mshairi Benjamin Zephaniah, Mwingereza mwenye asili ya Karibi, aliikataa hadharani, akieleza kwamba neno Dola humkumbusha utumwa wa wazee wake.

Daraja la chini kabisa katika nishani hiyo, lile la fedha, ndilo alilopewa Shaaban Robert. Sisi tuliosoma sekondari tukiwa na vitabu vyake mkobani hatukulijua jambo hili mapema. Tulipoziona kwa mara ya kwanza herufi M.B.E. nyuma ya jina lake, mmoja wetu, ambaye leo ni mtu mzima mwenye wajukuu, alishikilia kwamba hilo ni jina la ukoo wa mama yake. Tulibishana hata kengele ikalia. Mwalimu alipotueleza maana yake tulikaa kimya, maana wakati huo tulikuwa vijana wakali, na kila kilichotoka kwa mkoloni tulikiona najisi. Mwenzetu mmoja alisema, mbele ya darasa, kwamba mzee angalikikataa.

Leo tukiwa na umri ambao marehemu hakuufikia kwa mbali sana, maana alizaliwa 1909 akafariki 1962, miezi sita tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, hatusemi hivyo tena. Alikuwa karani wa serikali. Alianza kazi ya forodha Pangani, akahamishwa huku na huku kama tuhamishwavyo makarani wote, akawa anaandika usiku. Mkono uliopokea nishani ile ndio ulioandika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Aliyekisoma anakumbuka habari zake: wajumbe sita wanatumwa pande zote kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao, na kila mmoja anaporudi na mzigo wa mema, zawadi anayoipata ni kifungo. Mtu aliyevikwa msalaba wa fedha na serikali ndiye pia aliyeandika juu ya serikali iliyowavika minyororo watumishi wake bora. Kwetu sisi hilo latosha. Nishani haikumfunga ulimi. Ingawa twakiri kwamba swali la mwenzetu darasani halijafa. Kila apokeaye alama hubeba jina la aliyempa, apende asipende, na neno Dola lilikuwa limechorwa pale.

Sasa turudi kwenye umbo, kwa kuwa hapa ndipo tunapoona jambo ambalo halijafikiriwa vya kutosha. Nishani ya siku hizi, popote duniani, ni kipande cha madini kilichoning'inizwa kwa utepe na kubandikwa kwa pini upande wa kushoto wa kifua. Pini yataka nguo nzito. Yaani yataka koti. Umbo hili lilizaliwa katika nchi za baridi, miongoni mwa watu wenye makoti ya sufu, tena askari kwanza na raia baadaye. Ukiibandika juu ya kanzu ya bafta, kifua cha kanzu kinavutwa chini na kitambaa kinatoboka. Ukitaka kuibandika juu ya kanga, mwenye kanga hukaa akijifunga na kujifungua, akiitupia begani, akimfunika mtoto, akiifanya kata ya kubebea ndoo. Waingereza angalau walifikiri habari ya wanawake wao: mwanamke asiyevaa sare hupewa utepe uliofungwa mfano wa kipepeo, ukae karibu na bega. Sisi tulilichukua koti lao bila hata ya kipepeo.

Katika sherehe moja tulimwona mama aliyepandishwa jukwaani amejifunga kanga mbili, safi, zenye maneno ya shukrani. Mkubwa aliyeshika nishani alisita. Alitazama bega la kulia, akatazama la kushoto, akajaribu kushika upindo wa kanga, akaona si adabu kumgusa mama wa watu mbele ya halaiki. Mwishowe aliiweka nishani katika kiganja chake, akampa mkono, na watu wakapiga makofi. Mama yule alishuka ngazi ameikumbatia kama mtu aliyepewa chenji. Yamkini wengi hawakuona lolote. Sisi tuliona kwamba mchoraji wa nishani ile, alipokaa mezani na rula yake, hakuwa na mama yule mawazoni. Alimfikiria mwanamume mwenye suti. Hapana kosa kubwa katika kuvaa suti. Lakini nishani inayodai suti imekwisha kuchagua wenyewe kabla kamati haijakaa.

Tukiacha pini tukatazama picha iliyochorwa, hapo taifa letu lilipata bahati. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliweka mwenge na bendera juu ya kilele cha Kilimanjaro, na kilele kikaitwa Uhuru. Tangu siku hizo mwenge umekimbizwa vijijini mwaka baada ya mwaka, watu wakikesha kuungoja. Kwa hiyo Nishani ya Mwenge wa Uhuru ina alama ambayo bibi asiyejua kusoma huisoma. Haihitaji Kilatini chini yake. Jirani zetu wa Kenya nao walikwenda njia yao: wana Moyo wa Dhahabu na Mkuki Uwakao, na ndani ya nishani hizo madaraja ya Chifu, Mzee na Morani, ambalo ni neno lililotoka kwa Wamaasai, la vijana wa rika la kulinda. Twalipenda wazo la kuyapanga madaraja ya heshima kwa rika, maana rika hupandwa kwa umri na wajibu. Tusilolipenda ni ile tabia ya kuvuta herufi nyuma ya jina, tena za Kiingereza, ndefu kama mkia wa tiara. Na mkuki wenyewe, ingawa ni silaha ya wote, ulikuwa pia jina la sifa la Jomo Kenyatta, kiongozi wao wa kwanza.

Hata hivyo ni Kenya iliyotupa mfano mgumu kuliko yote. Wangari Maathai, mama wa miti, alipambana mwaka 1989 kuzuia jengo refu lisijengwe katika Uhuru Park, akatukanwa bungeni. Januari 1999 alipigwa na kuumizwa akitetea msitu wa Karura. Kisha serikali ikabadilika, na mwaka 2003 taifa likamvika Mkuki Uwakao, na mwaka 2004 Moyo wa Dhahabu, daraja la Mzee katika zote mbili. Wajumbe wa Kusadikika walifunguliwa vivyo hivyo, baada ya kuteseka. Tujiulize: nishani ile ilikuwa sifa, au ilikuwa ombi la radhi? Sisi twaona kwamba ilikuwa vyote viwili, na kwamba ndivyo inavyopasa. Taifa linapomvika mtu aliyewahi kulipinga, linakubali mbele ya watu kwamba lilikuwa na deni.

Sisi wenyewe tulikua katika miaka ambayo mambo haya yalitazamwa kwa shaka. Utawala wa machifu ulikuwa umefutwa mwaka 1963, Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na watu, mkubwa kwa mdogo, waliitana Ndugu. Picha za Mwalimu Nyerere zilizotundikwa madarasani mwetu zilimwonyesha kifua kitupu. Wengine walifundisha kwamba heshima ya kweli haihitaji kuonekana, na kwamba nishani ni mabaki ya ubwana. Hoja yao ilipata nguvu ya ajabu kwa jirani aliyekuwa kaskazini. Idi Amin wa Uganda alikuwa amejaza medali kifuani mpaka koti likachoka, akajiita Mshindi wa Dola ya Kiingereza, akajiambatanishia herufi C.B.E., zile zile za nishani tuliyoitaja, akizigeuza maana. Ndiye aliyeivamia Kagera mwaka 1978, na majeshi yetu yakaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Kilemba cha ukoka kwa kawaida huvikwa na mwingine. Huyu alijivika mwenyewe, akasahau kwamba majani hunyauka.

Basi methali nyingine ikawa mdomoni mwa kila mtu: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo hoja kubwa ya wanaopinga nishani, na si ya kupuuzwa. Mtu akisifiwa hulegea. Hulinda sifa badala ya kazi. Tumefanya kazi serikalini miaka mingi, nasi tumeona tembo likitiwa maji. Lakini methali hiyo yamhusu mgema anayesifiwa kwa utamu wa tembo. Haisemi neno juu ya mtu anayetunukiwa kwa kushindwa vizuri. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni mjini Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka njiani, akaumia goti. Walioanza mbio walikuwa 75. Waliozimaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Aliingia uwanjani watu wengi wamekwisha ondoka, mguu umefungwa bendeji, akimaliza kile alichotumwa. Madaraja ya dhahabu, fedha na shaba yalikuwa yamekwisha gawiwa. Mwaka 1983 taifa lake lilimpa nishani. Mtu hawezi kulitia maji tembo la namna ile. Na nchi iliyoona kwamba huyo wa mwisho ndiye wa kuvikwa ilikuwa, siku hiyo, imejieleza yenyewe vizuri kuliko katika hotuba zake nyingi.

Tumefika mahali ambapo twalazimika kusema habari ya kwetu wenyewe.

Miaka ipatayo ishirini na mitano iliyopita, katika ofisi moja ya serikali tuliyokuwa tukitumikia, ililetwa barua ikitaka majina ya wananchi wanaostahili kutunukiwa nishani. Kazi ya kuandaa orodha ilitufikia sisi. Tuliandika majina tisa. Manane yalikuwa ya wakubwa wa idara na watu wanaojulikana, na hatusemi kwamba hawakufanya kazi. La tisa lilikuwa la mkunga wa zahanati moja ya kijijini, mama aliyekuwa amezalisha kwa miaka zaidi ya ishirini, usiku na mchana, kwa taa ya chemli. Mkubwa wetu alisoma orodha, akachukua kalamu, akalikata jina la tisa kwa mstari mmoja ulionyooka. Aliuliza, wala hakuuliza kwa ubaya, “Huyu ana cheo gani? Wakituuliza tutawaambia nini?” Tulikuwa na jibu. Lilikuwa limejaa mdomoni. Tukarudi mezani, tukaipiga chapa orodha upya, majina manane, tukahakikisha hapana kosa la herufi.

Baadaye tulijipoza moyo kwa falsafa. Tulijiambia kwamba mama yule haitaji nishani. Kwamba malipo yake yako kwa Mungu. Kwamba watu wa kijijini wanamheshimu, na heshima hiyo yashinda madini. Tulitunga hata shairi la kumsifu, likasomwa redioni, na tukaona tumelipa. Twaomba msomaji aziangalie hoja hizi kwa makini, maana ni zile zile za wale wasemao kwamba heshima ya kweli haivaliwi. Ni hoja nzuri. Tatizo lake ni kwamba husemwa aghalabu na walio na makoti juu ya wasiokuwa nayo.

Miaka michache baadaye, safari ya kikazi ilitupitisha kijijini pale. Tulimkuta katika mwaka wake wa mwisho wa utumishi, amekaa barazani pa zahanati akikunja vitambaa. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akatuonyesha kigoda. Hatujui ni kitu gani kilichotusukuma, lakini tulimweleza yote: barua, orodha, mstari wa kalamu, na kwamba ni mikono yetu hii iliyopiga chapa. Hata shairi tulilitaja, tukidhani labda litampoza.

Alikunja kitambaa kimoja, akakiweka. Alisema shairi alilisikia, lilikuwa zuri. Akasema kijiji kile kina watoto kumi na wanne wenye jina lake, wa mwisho akiwa na wiki mbili, na kwamba hilo humtosha siku nyingi. Tulianza kufurahi. Tukasema, ndiyo mama, hayo yanashinda nishani.

“Sikusema hivyo,” akajibu. “Mwanangu, usinisemee kwamba sihitaji. Hao kumi na wanne wamenipa mama zao. Na serikali je? Niliitumikia yeye, au niliwatumikia kina mama peke yao?”

Hatukuwa na neno. Maana hapo ndipo mama yule alipotufundisha kitu ambacho vitabu vyetu havikutufundisha. Watu wa kijiji walikuwa wamempa kilemba cha fundi, kutoka kwa walionufaika. Lakini alikuwa mtumishi wa taifa pia. Mshahara wake mdogo, sare yake, rejista aliyojaza kila usiku, vyote vilikuwa vya taifa. Alikuwa na haki ya kusikia taifa likimwambia kwa sauti yake lenyewe kwamba linamjua. Kilemba cha kijiji hakikuweza kulilipia taifa deni hilo. Wala shairi la karani.

Tukamwahidi kwamba orodha ikitakiwa tena tutaliandika jina lake, na mara hii hatutalipiga chapa upya. Ili kupunguza uzito wa mazungumzo tulimweleza kisa cha yule mama mwenye kanga mbili. Alicheka sana. Alisema kwamba yeye pia asingejua aibandike wapi. Gauni la kazi hufuliwa kila siku, na pini yaweza kumchoma mtoto anapompokea. Kisha akafikiri, akaingiza mkono shingoni, akavuta uzi mweusi uliokuwa ndani ya nguo. Mwisho wa uzi palikuwa na ufunguo wa kabati la dawa. Alisema umekaa hapo tangu mwaka aliokabidhiwa, haumzuii kuinama, na mtu akitaka kuuona huutoa, asipotaka huufunika.

Akauinua uzi kwa vidole viwili, akatuonyesha nafasi iliyobaki kando ya ufunguo.